Gari la Radosav Linazima Chini ya Mlima

Mume wangu Radosav hulisemesha gari lake kuliko anavyonisemesha mimi. Asubuhi mimi huulizwa kahawa iko wapi, gari huulizwa limelalaje. Sina wivu. Tulilinunua mwaka ambao mtoto wetu Predrag alianza shule, na leo Predrag ana upara, kwa hiyo hilo gari lina haki ya kubembelezwa.

Ila vuli hii lilitushinda tabia. Likiwa baridi linawaka mara moja, linatoka uani kwa madaha, linapita kanisa, linapita duka, na likishapata moto, pale kwenye kinu cha zamani chini ya mlima Gramada, linakohoa, linakohoa tena, halafu kimya. Mnakaa kando ya barabara mkitazama ng'ombe wa watu. Baadaye linawaka kana kwamba halikufanya lolote, linakwenda kidogo, linazima tena.

Ingekuwa ni safari ya sokoni ningecheka. Lakini kila Jumatano lazima nifike hospitali ya Niš, ng'ambo ya mlima, nitundikiwe dawa kwa ajili ya uvimbe walionitoa tumboni. Jumatano iliyopita tulifika wauguzi wakivaa makoti ya kwenda kwao, nikarudi bila dawa. Jioni ile ile Predrag akaja kutoka mjini, akasimama jikoni kwangu na viatu vyake vinavyong'aa.

"Mama, sitaki kubishana. Jumatano ijayo gari likizima tena, unahamia kwangu. Chumba kiko tayari."

Chumba hicho kiko ghorofa ya tisa, na dirisha lake linatazama dirisha la mtu mwingine. Baba yake hakutajwa, maana Predrag anajua kwamba Radosav hawezi kuacha mizinga yake ya nyuki na mashamba ya plamu. Kwa hiyo mimi ningekaa kule, yeye huku, katika umri huu. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa uvimbe.

Predrag alipoondoka nikamwambia Radosav, "Una mpaka Jumatano, mzee. La sivyo utalala na hilo gari lako."

"Angalau lenyewe halikoromi," akajibu, lakini hakumaliza supu yake.

Fundi wa mjini alikuwa ameshabadilisha plagi, koili, na kila kitu kingine isipokuwa usukani. Basi Jumamosi akaja Vitomir, aliyetusimamia ndoa. Kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu, humfukuzi hata akikumalizia rakija, pombe yetu kali ya plamu. Wakafungua boneti wakainama wote wawili, ikawa naona suruali mbili tu.

"Ni joto," Vitomir akatangaza. "Petroli inachemka kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Hapo dawa ni vibanio vya nguo."

Dawa hiyo kila mwanamume wa huku anaijua na anaiapia: unabana bomba la petroli kwa vibanio vya mbao, eti vinanyonya joto. Walikwenda kuvichukua kwenye kamba yangu bila kuuliza, na shuka zangu zikaanguka matopeni. Halafu wakachukua kitambaa changu cha vyombo, wakakilowesha, wakaivika pampu ya mafuta kama mtoto mwenye homa.

"Na mimi mnivue gauni mfunikie betri," nikasema.

"Betri haina tatizo," Radosav akajibu, na alikuwa anajibu kwa dhati.

Wakaliwasha, wakaliacha lingurume, wakakaa kulichunga. Nikawatolea mkate, jibini, na chupa ya ajvar. Ajvar ni mimi ninayeipika kila Septemba. Pilipili nyekundu nazichoma, nazimenya, nazikoroga mpaka mkono ufe. Radosav hamenyi hata moja. Kazi yake ni kufunga chupa: selofani iliyoloweshwa, tabaka mbili, halafu mpira anaoukata kwenye tyubu ya baiskeli, anauzungusha mara mbili na kuufunga kwa fundo lake mwenyewe ambalo halifunguki ila kwa kisu. Alichofunga yeye hakiingizi hata pumzi.

Walikula chupa nzima. Gari lilinguruma muda wote huo, feni ikapuliza, boneti ikawa ya moto hata paka akaikimbia. Halikuzima.

"Limepona," Vitomir akasema, akipangusa mdomo. "Vibanio, ndugu yangu. Vibanio."

Wakaondoka na vibanio vyangu kwenda kulijaribu. Nilifua shuka upya, nikazitandaza juu ya uzio, na bado hawajarudi. Nikatia kahawa kwenye chupa, nikashuka kwa miguu. Niliwakuta kwenye kinu, wamekaa kwenye majani kama wanafunzi waliotolewa nje ya darasa. Kilichoniuma ni uso wa Radosav. Alikuwa anatazama mlima, na niliona kwamba ameshanihesabia kuwa nimehama.

Nikamimina kahawa. "Hebu niambieni mimi nisiyejua kitu. Uani limepata moto kuliko jiko langu, halikuzima. Hapa hata halijapata moto vizuri, limezima. Sasa joto lina kosa gani?"

"Uani lilikuwa limesimama, bibi wee," Radosav akasema kwa uchovu. "Barabarani linafanya kazi, linakunywa petroli nyingi."

"Kumbe linazima likinywa, si likipata moto."

Walitazamana.

"Kopo la mafuta ya kupikia," nikaendelea, "ukilitoboa tundu moja, mafuta yanatoka kidogo halafu yanagoma. Lazima utoboe la pili hewa iingie. Tangi lenu linaingiza hewa wapi?"

"Kwenye mfuniko," Vitomir akasema polepole. "Mfuniko una kitundu." Akaweka kikombe chini.

Radosav alishasimama. Sijamwona akisimama haraka hivyo tangu nyuki waingie kwenye suruali yake. Akaegemeza mgongo pale penye mfuniko, akafunga mikono kifuani.

"Hapa pako sawa. Nimeshapaangalia."

"Sogea, mzee."

"Nimesema nimepaangalia, Stamena."

Akiniita kwa jina, ujue kuna jambo. Nikamsogeza kwa kiwiko, nikafungua mfuniko. Chini yake palikuwa na selofani, tabaka mbili, imezama ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Imezungushwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mara mbili. Fundo nililijua.

Vitomir akanipa kisu chake. Nilipotia ncha tu, tangi likavuta pumzi ndefu, kwa sauti, hata ng'ombe wa jirani akageuka.

"Radosav," nikasema, "ulitaka petroli ikae bila kuharibika mpaka Pasaka?"

"Na chumvi umetia?" Vitomir akauliza. "Bila chumvi itaota ukungu."

Radosav hakucheka. Alitazama viatu vyake. "Mpira wa mfuniko umechakaa, na mwingine haupatikani tena," akasema. "Petroli ilikuwa inanuka. Ulipoanza ile dawa, kila tukifika juu ya mlima ulikuwa unatapika. Nikaona nifunge."

Nikakumbuka kwamba kweli tangu Septemba sikusikia tena ile harufu, nikadhani ni tumbo langu limepata nguvu. Nikakumbuka pia kwamba kwenye kituo cha mafuta hunituma kila mara ndani kumnunulia pipi za mnanaa, yeye asiyekula pipi.

"Na lilipoanza kuzima mwezi huo huo, hukuwaza?"

"Uliacha kutapika," akasema. "Sikuwaza kingine."

Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, ya shuka peke yake yangetosha mpaka Krismasi. Yalinipotea yote. Nilimpenda sana pale kando ya barabara, nikamchukia Vitomir kwa kuwepo.

Gari liliwaka mara moja. Tulipanda Gramada mpaka juu, tukageuza, tukashuka, halikukohoa. Jumapili kanisani watu walikuwa wanamuuliza Radosav anatoza kiasi gani kufunga chupa za matango. Selofani nyingine aliitoboa kwa sindano. Hewa iliingia, na harufu nayo ikatoka. Akajaribu kitambaa, akajaribu nta ya nyuki. Kinachozuia harufu kinazuia hewa. Jumanne nilimkuta amesimama na mfuniko mkononi, nikamwambia auache.

Jumatano, nilipoingia garini, nilikuta dunja kubwa mbele yangu karibu na kioo, lile tunda la njano tunaloweka juu ya kabati ili nguo zinukie. Alikuwa amelipangusa mpaka linang'aa. Tulipita kinu, na hapo nililishika dunja kwa mikono miwili puani. Gari lilipanda mlima wote likinguruma.

Juu ya mlima nilimwomba asimame. Nilitapika kando ya barabara, naye akanishika paji la uso, huku mlango wake uko wazi na injini inawaka, maana hakuthubutu kuizima.

"Nirudishe ile selofani?" akauliza. Nadhani angeirudisha.

"Endesha, mzee."

Predrag alikuwa anatungoja kwenye ngazi za hospitali, akitazama saa. Tulikuwa tumewahi. Akanibusu, halafu akarudi nyuma, akakunja pua.

"Mama, unanuka petroli."

"Nanuka," nikasema. "Na Jumatano ijayo nitanuka tena."