Gari Lililotembea Upande

Kwa maelezo ya Ekuru, muuza makaa wa karibu na daraja la Kawalase, gari jipya la Emanikor liliingia Lodwar siku ya Jumanne likitembea upande. Alisema aliliona kwa macho yake mawili likitokea njia ya Kitale, jekundu, fupi, limeinama kama linatafuta kitu lilichoangusha, na makalio yake yanataka kupita mbele ya kichwa. "Kama mbwa anayekimbia," alisema, akainuka kwenye gunia lake akaonyesha, mabega huku, kiuno kule, mpaka wanawake waliokuja kununua makaa wakashika mbavu. Akaongeza kwamba lilipopinda kushoto kuingia mtaani lililia kama mwana-mbuzi aliyekanyagwa, na kwamba tangu hapo kuku wake hawajataga.

Watu walicheka, maana Ekuru ni Ekuru. Ndiye huyohuyo aliyeapa mwaka jana kwamba mto Turkwel ulibeba choo kizima na mtu yumo ndani anasoma gazeti. Lakini Akiru, binti wa Emanikor, ambaye alikuwa amechuchumaa akichagua makaa makubwa, hakucheka na wenzake. Habari ya kuku aliiacha palepale. Ule mwendo wa mbwa, hata hivyo, Ekuru aliuonyesha vizuri mno, haiwezekani awe ameutunga.

Emanikor alikuwa ameendesha lori miaka thelathini, Kitale mpaka Lokichoggio na kurudi, mahindi na maharagwe. Mwaka aliomwoa Asekon alimleta kutoka kwao Kakuma kwa lori hilohilo, na kwa kuwa mwenye lori na wageni wake walikuwa wamejaa mbele, bibi harusi alipandishwa juu ya magunia. Jua lilimpiga siku nzima. Aliposhuka Lodwar midomo ilikuwa imepasuka. Siku hiyo Emanikor alimwahidi kwamba iko siku atambeba kwa gari la viti viwili tu, kimoja chake na kimoja cha mkewe, lisilo na mahali pa gunia. Asekon hakumkumbusha hata mara moja. Lakini Januari hii alikwenda Kakuma kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, na mguu ulipopona, dada akarudi sokoni kuuza samaki, Asekon akabaki. Emanikor alipompigia simu kumuuliza anarudi lini, alijibiwa kwa upole kabisa: "Si ulisema utanichukua? Nichukue."

Ndipo Emanikor, ambaye alikuwa amestaafu na hana la kufanya ila kufagia ua, akaenda Eldoret na kurudi na hilo gari jekundu la spoti. Jumamosi angekwenda kumchukua mkewe. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Kama gari lingemwangusha njiani, hakuwa na ahadi nyingine ya kumpa.

Siku ya kwanza lilikutwa limetonesha maji chini ya boneti. Akiru alichovya kidole, akanusa, akamwambia baba yake kwamba ni maji ya rejeta, yana utamu. Emanikor alifurahi kweli. Alifungua boneti, akaingia mpaka mabegani, akakuta kibanio cha paipu kimelegea, akakikaza kwa bisibisi, akatoka akitabasamu kama mtu aliyempasua mgonjwa na kumshona. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Ila ule mlio wa kona ya kushoto haukuisha. Emanikor alizunguka mtaa mara tano, dirisha wazi, sikio nje, kisha akatoa hukumu ya watu wa malori: gari tupu huruka na kulia, dawa yake ni mzigo. Alikwenda Kawalase, ambako mto ulikuwa mkavu, akajaza mchanga kwenye magunia mawili akayatia kwenye buti. Na kweli mlio ukapungua. Alimwita Akiru aje asikie mwenyewe.

"Unasikia nini?" alimuuliza.

"Sasa linalia kwa ndani," Akiru alisema.

Emanikor akacheka, akamwambia kwamba yeye alikuwa anaendesha lori kabla binti yake hajaota jino, na kwamba gari si mbuzi.

Kuhusu mbuzi, Akiru alikuwa anajua kitu. Alipomaliza darasa la nane alipelekwa Nakalale kwa bibi yake, akachunga miaka minne. Bibi alikuwa na tabia ya kumzuia asitazame mifugo kwanza. Alimwambia atazame nyayo chini, aseme nani anachechemea, nani ana mimba, nani amekunywa na nani hakunywa, ndipo ainue macho ahakikishe. Mwanzoni Akiru alikosea kila siku. Mwishoni alikuwa anajua mbuzi mgonjwa kabla mbuzi mwenyewe hajaonyesha.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi alimwomba baba yake apite na gari polepole kwenye ukingo wa Kawalase, pale mchanga ulipokuwa laini na hakuna mtu aliyekanyaga. Emanikor alipita akiwa amenyooka kitini, miwani ya jua usoni. Akiru alisubiri vumbi litulie, akachuchumaa.

Gari zima huacha mistari miwili, kwa sababu magurudumu ya nyuma hukanyaga alama ya mbele na kuifunika. Hili lilikuwa limeacha minne. Nyuma ilikuwa imekaa vidole vitatu kushoto kwa mbele, njia yote, na alama ya tairi la nyuma kushoto ilikuwa na maua nusu tu. Nusu ya ndani ilikuwa laini kama kisigino.

Hakumwita baba yake kwa sauti. Alimngoja ashuke, akaweka vidole vitatu kati ya mstari na mstari, akatulia. Emanikor alisimama juu yake, akavua miwani.

"Upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo. Akiru alimwonyesha nyayo zake mwenyewe, zilizotoka mlangoni mwa gari mpaka pale alipokuwa amesimama. "Hata wewe, Baba, mguu wako wa kulia unatazama nje. Ni miaka ya kukanyaga mafuta. Ukipita sokoni najua umepita, na sijakuona."

Emanikor alitazama nyayo zake kama mtu aliyeonyeshwa picha aliyopigwa bila habari. Aliweka mguu juu ya mojawapo, ukaingia sawasawa. Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Jumamosi haibadiliki, alisema, amekwisha mwambia Asekon. Lakini wangekwenda polepole, Akiru angekaa kiti cha pili, na kituo cha kwanza kingekuwa kwa fundi Baudouin huko Kakuma, kabla ya mtu yeyote wa mji ule kuliona gari. Akiru angerudi kwa basi. Walikubaliana hivyo.

Walitoka jua likiwa bado chini. Lami ilikuwa nzuri, na gari lile, ambalo lilitengenezwa ili lipite wengine, lilipitwa na kila chenye magurudumu. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa utingo wa Emanikor zamani, alipunguza mwendo akawa sambamba nao, akainama dirishani akauliza kama mzee anahitaji kubebwa yeye na mkoba wake mwekundu. Emanikor alimpungia mkono kwa heshima. Masikio yalikuwa yanamchoma kwa aibu.

Kila walipopata kivuli Akiru aliomba wasimame. Alizunguka akigusa matairi kwa mgongo wa mkono, jinsi mtu anavyopima homa ya mtoto. Matatu yalikuwa na joto la barabara. La nyuma kushoto lilikuwa linaungua. Mara ya tatu alilala chini kabisa, akaingiza mkono upande wa ndani, ule ambao hauonekani mtu akiwa amesimama, na waya ndogo zikamchoma vidole.

"Baba, njoo ulale hapa."

Emanikor alilala kwenye kokoto na shati lake la Jumamosi. Aliinuka, akakung'uta shati. Alifungua buti, akayatoa yale magunia mawili, akayamwaga kando ya barabara mpaka punje ya mwisho. Kisha akafunga tairi la akiba, jembamba kama la pikipiki, na safari iliyobaki wakaenda mwendo wa ngamia.

Baudouin alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mkimya mwenye gereji ya mabati karibu na kituo cha mabasi. Alikuta punje za mchanga kwenye buti, akauliza kwa sauti ya huruma: "Mzee, ulikuwa unakuja kujenga?" Halafu akauliza gari lina taabu gani. Emanikor akamwelekezea kidevu binti yake.

"Muulize huyu. Ndiye aliyeona."

Akiru alieleza mistari minne, vidole vitatu, nusu ya maua, joto. Baudouin alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chini ya gari, akakaa huko. Alipotoka alisema binti amekwisha maliza kazi, yeye amehakikisha tu. "Hii gari iligongwa kwa mgongo. Walinyoosha nusu, wakapaka rangi. Mkono wa chuma wenye kushika gurudumu umepinda." Chuma kingine kingetoka Nairobi. Wiki mbili, labda tatu. Mpaka hapo gari lisingeondoka.

Aliyatoa magurudumu yote mawili ya nyuma na kuliketisha gari juu ya magogo. Emanikor alikaa kwenye kopo la rangi, mikono katikati ya magoti. Akiru akakaa karibu naye.

Kakuma haifichi kitu. Kabla chai waliyopewa haijapoa pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka Asekon, shanga zote shingoni, mkoba umefungwa kabisa mkononi. "Ejok," aliwasalimu wote. Emanikor alisimama akaanza kueleza habari ya mkono wa chuma, na Asekon akainua kiganja. Alilizunguka gari lote. Kule nyuma alisimama kidogo, akatazama pale pasipo na magurudumu. Halafu akafungua mlango wa abiria, akakusanya nguo, akaingia, akaweka mkoba juu ya mapaja na kufunga.

Emanikor alimtazama Akiru. Akiru alimtikisia kichwa kuelekea mlango wa pili, naye akazunguka akaingia.

Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo Akiru alisikia. Mama yake aligeuza shingo, akachungulia nyuma ya kiti, pale ambapo hata kikapu kisingetoshea.

"Kweli hakuna mahali pa gunia," alisema.

"Hakuna."

Asekon alinyoosha miguu mpaka mwisho. Akavua viatu.

"Basi nipeleke nyumbani, Baba Akiru."

Baudouin alikuwa ameshika gurudumu, akaacha kuligeuza. Emanikor aliweka mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gia, na mguu wake wa kulia, ule unaotazama nje, ukatafuta mafuta, ukatulia juu yake.