Vitamini Imo, Haitoki

Mama yule aliingia maabara bila hodi, binti yake mdogo akining'inia kwenye sketi yake, pakiti ya uji wa papo hapo mkononi.

"Nyinyi ndio mliopiga muhuri huu?" Kidole chake kilikuwa juu ya maneno: Vitamini A ya kutosha.

"Ndiyo, mama. Sisi tunapima tu..."

"Basi pima. Huyu anakunywa uji huu asubuhi na jioni, na jua likizama anapapasa ukuta kama kikongwe. Zahanati wamempa dawa, wakaniuliza namlisha nini. Nilipowaonyesha, wakatazamana."

Nilimwahidi kwamba nitapima na kumpigia simu mimi mwenyewe.

"Usinifanye mjinga, mwanangu. Waliotangulia kunidanganya wamemaliza zamu."

Kwa njia yetu ya kawaida, vitamini yote ilisomeka. Kisha nikautia uji kwenye tumbo la chupa: asidi, vimeng'enya, joto la mwili, mtikiso. Vitamini karibu yote ilibaki imejifungia ndani ya chembe ngumu. Kiwanda kiliifunika kwa ganda ili isiharibike dukani, na sisi huvunja ganda hilo kwa kemikali ambazo hakuna mtoto aliye nazo tumboni.

Nikarudia. Vilevile. Nikayapeleka majibu ofisini.

Mkuu wa maabara, ambaye kisirisiri tulimwita Shikamoo Mteja, hakuinua hata macho.

"Imo au haimo?"

"Imo, bosi. Haitoki."

"Mteja alilipia imo."

"Na mtoto asiyeona jioni, yeye alipie nini?"

"Usinipandishie sauti! Majibu ni mali ya kiwanda. Ukifungua mdomo nje ya mlango huu, ajira ya kudumu uisahau. Hata kesho usije."

Niliihitaji kazi ile. Nyumbani walishaanza kunitambulisha kwa wageni kwa kazi hiyo.

Nikatoa simu, palepale mbele yake.

"Mama, ni mimi wa maabara. Vitamini imo kwenye uji, lakini mwili wa mtoto hauipati."

"Kwa hiyo si mimi niliyemkosea?"

"Si wewe, mama. Hata kidogo."

Mkuu alikuwa ameshanyoosha mkono, akidai koti langu jeupe. Nilimweleza mama kwanza habari za mayai, mboga za majani na mafuta kidogo, na asikatize dawa ya zahanati. Akauliza tena kuhusu mafuta. Nikarudia polepole, nikifungua vifungo kwa mkono mmoja.