Kamera Mbili na Mbeba Viti

Watu wakiingia studio yangu hapa Makongeni, Thika, huniuliza swali moja kabla hata ya kuketi: kati ya hizi mbili, nzuri ni ipi? Wanaziona kamera zimekaa ndani ya kabati la kioo, ndogo na kubwa, wanadhani ni mtu na mtoto wake. Huwa nawajibu kwamba ndogo niliinunua nikijifunza na kubwa niliinunua nikilipwa, halafu nageukia kazi yangu. Swali lenyewe lilishanichosha zamani.

Nikiamka na roho nzuri, au mtu mwenyewe akiwa anataka kununua kweli, naeleza. Zote ni za aina hii mpya isiyo na kioo ndani, ambayo unachokiona kwenye skrini ndicho utakachokipata. Ndogo ni nyepesi kama kipande cha sabuni, ina nafasi ya kadi moja, na betri yake haiwezi kumaliza harusi ya Wakamba. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni Mkamba na ninajua harusi zetu. Lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi ni ya kawaida, haifunguki sana. Kubwa ina kadi mbili, moja ikifa nyingine ina nakala. Inapiga penye giza, inapiga bila sauti, na ina akili ya ajabu: asubuhi ya harusi unaiandikisha sura ya bibi harusi, na kutoka hapo inamtafuta yeye tu katika umati na kumkodolea macho kama mama mkwe. Wengine wote inawaacha wafifie.

Kufifia huko ndiko wateja wanakolipia. Bwana harusi wa mtaa wa Membley hatakwambia anataka picha inayoonyesha kila kitu. Atakwambia, "Mama, hakikisha background ime-blur poa." Anataka yeye na mkewe wang'ae, na vyote vilivyo nyuma yao, matangi ya maji, kamba za tenti, watu wanaobeba sufuria, viyeyuke vibaki rangi tu. Mimi ni mtu wa kazi. Nafungua lenzi hadi mwisho, na vinayeyuka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu ninunue hiyo kubwa sijabandika tangazo hata moja.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nane mchana, waliingia wanawake wawili ambao hawakuuliza swali hilo. Mdogo nilimjua kwa sura, ni Mitchell, anakaanga chipsi karibu na stesheni ya Ruiru. Mkubwa alikuwa mama yake, na alipojitambulisha kwamba yeye ni Mama Ouma nilijua ni nini kimewaleta, kwa sababu Ouma alikuwa amekufa Ijumaa.

Ouma alikuwa mtu wa tenti na viti. Alifanya kazi kwa Kang'ethe, ambaye hukodisha vitu vya sherehe kuanzia Thika mpaka Ruiru, na harusi za Kang'ethe nyingi ndizo harusi zangu. Kwa miaka sita tulikutana karibu kila Jumamosi. Nikifika anashusha viti, nikiondoka anavipakia. Tulisalimiana vizuri. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza anaishi wapi. Ijumaa hiyo boda boda aliyokuwa amepanda ilikanyagwa na lori kwenye barabara kuu, na habari ilinifikia kupitia kikundi cha WhatsApp cha watu wa sherehe, katikati ya tangazo la keki na tangazo la spika.

"Auntie, pole kukusumbua," Mitchell alisema. "Tunasafiri Alhamisi jioni, tunaenda kumzika nyumbani Ugenya. Tumetafuta picha ya Ouma kila mahali, hakuna. Kwa WhatsApp aliweka logo ya timu. Kwa Facebook ni lori. Simu yenyewe ilisagika, ID ikaenda na wallet."

"Na nyumbani hamjawahi kupiga naye hata moja?"

"Alikuwa anakataa. Ati sura yake ni ya kazi, si ya picha."

Mama Ouma alikuwa bado amesimama, mkoba ameukumbatia. Aliniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama watu wazima wa hapa wanavyoitana.

"Mama Syombua, mochari wamesema tusifungue sanduku. Wamesema si kitu cha mtu kuona. Nyumbani walimwona mwisho akiwa darasa la saba. Watu watatoka mbali kuja kumlilia, na watakuta mbao. Nataka waone uso wake. Kang'ethe ameniambia wewe ulikuwa naye kila harusi."

Hilo lilikuwa kweli. Kama kuna mtu aliyepita mbele ya kamera zangu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika Thika nzima, ni Ouma. Nikawavutia viti, nikawasha kompyuta, nikawaambia haitachukua hata nusu saa. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa.

Nilianza na kamera kubwa, ungeanza na ipi? Nikafungua harusi ya Membley ya mwezi wa nne. Ouma alikuwemo tayari kwenye picha ya tatu, nyuma ya bega la bibi harusi. Alikuwa doa la kahawia lililokaa juu ya doa la buluu. Nikavuta karibu, na kadiri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kuwa ukungu. Kope za bibi harusi ungeweza kuzihesabu. Nikafungua nyingine, na nyingine, nikahamia harusi ya mwezi wa pili, nikahamia ya Krismasi. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Huyo ndiye," Mama Ouma alisema, akaweka kidole kwenye skrini.

"Mum, hiyo ni blur tu," Mitchell akamwambia.

"Ni yeye, nyara, binti yangu. Ona, amebeba kwa bega la kushoto. La kulia liliteguka akiwa mdogo, alianguka kutoka kwa mkokoteni."

Akaendelea hivyo. Kila nilipofungua picha kidole chake kilienda kwenye doa fulani lisilo na macho wala mdomo. Hapa ameinama. Hapa ameshika nguzo ya tenti. Hapa amechoka, anajifuta. Mimi niliyezipiga sikuona mtu. Yeye sidhani alikosea hata mara moja.

"Auntie, si kuna app ya kuondoa blur?" Mitchell aliuliza. "Hizi za AI?"

"Ziko. Zitamtengenezea uso. Lakini hautakuwa wake, zitaubuni tu."

"Sitaki wa kubuni," mama yake alisema.

Ilibidi niwaambie na jambo lingine, maana Mitchell alikuwa ameanza kuuliza kuhusu zile picha za asubuhi, kabla maharusi hawajafika, ambapo mimi hupiga tenti na maua na meza. Katika hizo Ouma alikuwa akionekana vizuri, kwa sababu hapakuwa na bibi harusi wa kung'ang'aniwa. Tatizo ni kwamba wateja hawataki kuona mbeba viti katikati ya maua yao. Kwenye kompyuta unampitishia brashi ya kufutia mara mbili, nyasi zinajaa mahali pake, na hakuna atakayejua kulikuwa na mtu. Picha zenyewe kabla ya kusafishwa sikai nazo. Faili za kamera kubwa ni nzito, diski inajaa haraka, kwa hivyo mteja akishapokea kazi yake mimi nafuta za mwanzo. Niliwaeleza haya kwa sauti ile ile ninayowaelezea wateja kuhusu siku za kungoja albamu.

"Kwa hivyo ulimfuta," Mitchell alisema.

"Si yeye peke yake. Wote walio nyuma."

"Lakini na yeye."

"Na yeye."

Niliona haya, na si haya ndogo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu husema, lakini huyu alikuwepo kila Jumamosi, na mimi ndiye niliyelipwa kuhakikisha halipo.

Ile kamera ndogo sikuifikiria mapema, na sababu ni kiburi. Tangu ninunue kubwa, ndogo niliipa kazi za foleni: kamati ya kanisa, ukoo wa bwana harusi, kina shangazi wa pande zote mbili, watu thelathini wamepangwa safu tatu juani. Ni picha ambazo hakuna anayezitia kwenye fremu. Lenzi yake haijui kufifisha, inachukua vyote vilivyo mbele yake bila kuchagua, mpaka kibandiko cha bei kilichosahaulika kwenye soli ya kiatu cha mjomba. Wateja huzitazama mara moja wakaendelea. Ila faili zake ni nyepesi, kwa hivyo sikuwahi kuona haja ya kuzifuta. Zilikuwa kwenye diski ya zamani chini ya rundo la fremu. Nikaitoa, nikaifuta vumbi na leso, nikaichomeka.

Ilituchukua karibu saa moja. Harusi ya Absalom na Nekesa, Ruiru, mwezi wa kumi na mbili, mwaka juzi, kwenye uwanja wa kanisa. Shangazi za Nekesa wamesimama safu tatu, kofia zao kubwa kubwa, jua limewakunjisha nyuso. Nyuma yao, mwisho wa mkono wa kulia, Ouma amesimama na viti vinne begani.

Nikavuta karibu. Safari hii hakugeuka ukungu. Alikuja na nyusi zake, na jasho juu ya mdomo, na kovu dogo kwenye kidevu ambalo kwa miaka sita sikuwahi kuliona. Alikuwa anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi, mdomo umefunguka kidogo kama mtu aliyeitwa ghafla.

Mitchell alitoka nje akasimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Mama Ouma alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Alitazama kwa muda mrefu, na mimi nikajishughulisha na mambo ninayoyaweza. Nilipima. Kwa kamera ile, ukikata uso mmoja kutoka kwa watu thelathini, nukta za picha zinazobaki ni chache. Karatasi ya ukubwa wa A4 ingefaa, zaidi ya hapo ngozi ingeanza kuonyesha chengachenga. Nikakata kofia ya shangazi iliyokuwa imemwingia begani. Nikapunguza jua kidogo kwenye paji la uso.

"Viti nivikate pia?" nilimuuliza.

"Viache. Wajue alikuwa na kazi."

Mitchell akarudi, akasimama nyuma ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ametulia. Nikafikiri tumemaliza. Nilikuwa nimeshika karatasi ya kuchapia wakati Mama Ouma aliponiuliza.

"Hapa alikuwa anamwangalia nani?"

Ningeweza kusema anaangalia kamera, na isingekuwa uongo. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemtambua mtoto wake katika madoa kumi na tano mfululizo. Sikuona kama ningefika mbali.

"Alikuwa ananiangalia mimi."

"Mlikuwa mnaongea?"

"Nilikuwa namwambia atoke kwenye picha."

Mitchell aliniangalia. Mama Ouma hakuniangalia, macho yake yalibaki pale pale kwenye skrini.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, wewe wa viti, hebu toka hapo nyuma. Sikumwita jina. Nilikuwa nalijua, lakini sikumwita."

"Na akatoka?"

"Alitoka. Inayofuata hayumo."

"Nionyeshe."

Nikabonyeza. Shangazi ni wale wale, kofia ni zile zile, mmoja amefumba macho. Mkono wa kulia kule mwisho kulikuwa na nyasi na kipande cha ukuta wa kanisa. Mama Ouma aliinama akapatazama mahali pale kwa muda mrefu zaidi ya alivyoutazama uso wenyewe.

"Huyu hajawahi kukataa akitumwa," alisema. "Tangu akiwa mtoto."

Kisha akaniomba nimchapie zote mbili.