Mtani wa Faraji

Faraji nilimuua mimi, na ni mimi niliyeitwa kuwachekesha wafiwa. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na msibani mtani ndiye anayemwigiza marehemu. Mtaa mzima huu wa Mbagala haukuwa na mtani mwingine wa karibu kama mimi.

Ukuta wake ulikula njia yangu. Jioni ile tulikutana kando ya shimo la choo alilokuwa anachimbisha, tukagombana, nikamsukuma. Watu wakasema kateleza. Mimi nikasema nilishinda Kimara kwa dada yangu, nikaenda kuzika.

Siku ya pili ya matanga wanawake wakanivika kanzu yake na baraghashia. Ningeweza kusingizia homa. Lakini nilitamani mno kujua: hivi kweli naweza kusimama mbele ya mjane wake, na asione kitu usoni mwangu?

Nikaanza. Nikatembea tumbo mbele, mikono nyuma. Nikakohoa kikohozi chake, nikawagombeza kuku wake mmoja mmoja. Turubai zima likacheka. Hata Mwamvita, mjane mwenyewe, alicheka huku akijifuta machozi kwa khanga. Nilimchunguza vizuri, hakuona kitu. Nilifurahi, sitadanganya.

"Ongea basi, mtani!" akapaza sauti Twalib, aliyeongoza kuosha maiti.

Sauti ikaja yenyewe, ile niliyoisikia mwisho. "We Mnyamwethi, ukuta wangu thivunji ng'o!"

Safari hii walicheka wachache. Mwamvita akashusha khanga.

"Mume wangu hakuwa na kitembe."

"Utani tu, shemeji."

"Hebu ngoja." Akamgeukia Twalib. "Siku ile aliniaga anaenda kung'oa jino, hakuingia tena ndani. Kumbe aling'oa?"

"Aling'oa, dada. La mbele. Tulipomwosha tulikuta pamba kwenye pengo." Twalib alikuwa ananitazama mimi. "Mnyamwezi, si ulisemaga ulikuwa Kimara? Kitembe chake umekisikia wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikavua baraghashia, nikajiandaa kujibu kwa sauti yangu mwenyewe, hii niliyotoka nayo Tabora.

"Thikumwona," nikasema.