Kisima cha Mtakatifu Bricín

"Ifahamike kwa watu wote wa Parokia ya Kilbrannagh, walio hai na waliolala makaburini, kwamba saa ya utukufu imewadia."

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo la Mzee Mulqueen, mwenyekiti wa Kamati ya Njia, na huenda utukufu ungewadia kweli kama asingelibandika kwenye mlango wa kanisa kwa gundi ya karatasi siku ya mvua. Misa ilipokwisha, tangazo lilikuwa limeteleza hadi kizingitini, na mbwa wa Packie Tuohy alikuwa amelilalia.

Walioinama kusoma pembeni mwa mbwa walielewa hivi: Halmashauri ingetengeneza njia moja ya watembea kwa miguu, yenye changarawe na kibao, hadi mahali pamoja pazuri palipojificha ndani ya parokia. Picha zitakazopigwa na wanaparokia zingetundikwa ukumbini bila majina. Kila anayepatambua mahali angechomeka pini chini ya picha yake. Picha yenye pini nyingi ndiyo ingepata njia, kwani, kwa maneno ya mwenyekiti, mahali pasipotambuliwa na wenyewe si pao.

Fiachra Geraghty alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya mapadri, ambako alifundishwa Kilatini na raga, akajifundisha mwenyewe kutia chumvi kwenye bakuli la sukari. Alilisoma tangazo huku akitabasamu. Bibi yake, Attracta, alilisoma mara mbili, akaenda nalo kichwani hadi nyumbani.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kule mlimani. Nyuma yake, juu ya shamba la kondoo, kulikuwa na maporomoko ya maji ambayo zamani watu waliyapandia kila Jumapili ya kiangazi. Tangu babu afariki, aliyefika mlangoni pale alikuwa tarishi wa posta peke yake, naye hakuzima hata injini.

"Njia ikienda kwenye maporomoko, itapita mlangoni hapa," bibi alisema, akipaka siagi kwenye mkate wa magadi.

"Itapita, bibi."

"Na watu watafika wamechoka. Mtu aliyechoka hanyimwi chai."

"Nitayapiga picha mpaka maji yenyewe yaone haya."

"Wewe piga picha tu. Maneno tuwaachie kina Mulqueen."

Picha akaipiga, na ilikuwa nzuri. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na yenye adabu. Lakini shetani wa vijana hana likizo. Mzee Mulqueen alikuwa na msemo wake, kwamba hakuna jiwe Kilbrannagh ambalo hajapata kulikalia. Fiachra akaona si haki mzee wa watu akose jiwe jipya.

Yeye na binamu yake Dervla wakavuka kilima kilicho nyuma ya maporomoko, wakateremka upande wa pili hadi kwenye kichemchemi ambacho hata ng'ombe walikinywa kwa kukosa la kufanya. Juu yake uliinama mti wa miiba. Kwao, kisima kitakatifu hakiombwi cheti. Kikiwa na maji, mti wa miiba, na vitambaa vilivyofungwa matawini na wagonjwa, kimetosha. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao umekwenda zake. Maji na mti vilikuwepo. Vitambaa wakavipata kwa kuichana jezi kuukuu ya raga ya Fiachra, kisha wakavipaka tope ili vipate umri wa kuheshimika.

"Tukikamatwa je?" Dervla aliuliza, akikaza fundo.

"Na nani? Atakayesema hapajui, Mulqueen atamcheka. Mulqueen akisema hapajui, atachekwa hadi na kondoo."

"Na bibi?"

"Bibi hapandi tena upande huu."

"Sikuuliza hivyo."

Lakini Fiachra alikuwa ameshafumba jicho moja nyuma ya kamera.

Jioni ya kutambua, ukumbi ulijaa watu na vikombe. Walizitambua picha za ziwa, za pango na za daraja bovu, mpaka Mzee Mulqueen akafika mbele ya kisima. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Nyuma yake Fiachra alimeza kicheko kama mtu anavyomeza kidonge bila maji.

"Shikamoo, mzee. Hivi hapa ni wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtumikia altare.

Ukumbi mzima ukageuka kumsikiliza mwenyekiti. Mwenyekiti akatafuna biskuti yake polepole, na ilikuwa biskuti ngumu.

"Hapa," akasema hatimaye, "ni Kisima cha Mtakatifu Bricín."

"Mtakatifu wa nini huyo?" aliuliza Packie Tuohy, mfugaji ambaye hajapata kumwachia Mulqueen neno la mwisho.

"Wa meno."

"Najua ni wa meno, nilikuwa nakupima tu. Bibi yangu mzaa mama aliponea pale."

"Bibi yako hakuwa na jino hata moja, Packie."

"Sasa si ndiyo nakwambia alipona."

Basi, maji yakavunja ukingo. Hapakuwa na mtu wa Kilbrannagh aliyekuwa tayari kuonekana mgeni kwao. Huyu alibebwa pale mgongoni mwa baba yake. Yule shangazi yake alipatia mchumba pale. Wengine waliikumbuka hata ladha ya maji. Pini zikaota chini ya kisima kama miiba ya mti wenyewe. Chini ya maporomoko zikabaki tatu: ya bibi, ya Fiachra na ya tarishi.

Bibi Attracta alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka. Alizitazama zile tatu, kisha akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Watu wamesahau," alisema. "Si kosa lao."

Fiachra akaitazama kofia ile, kicheko kikamwisha. Kusema palepale kulikuwa kuwavua nguo watu wote wa ukumbi, tena mbele ya padri. Akanyamaza. Akajiambia kwamba ananyamaza kwa heshima.

Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti akaongoza msafara kwenda kukitazama kisima kabla ya kuiarifu Halmashauri. Bibi naye alikuja, na fimbo yake na mabuti ya mpira.

"Wewe pumzika, bibi," Fiachra alimsihi. "Huko ni tope tupu."

"Nataka kumwona huyu mtakatifu aliyekaa nyuma ya nyumba yangu miaka yote hii bila kupiga hodi."

Mzee Mulqueen alishika njia kwa uhakika wa mtu asiyeweza kuuliza, akawaingiza kinamasini. Wengine walizama hadi magotini. Wale walioikumbuka ladha ya maji wakageuka huku na huku, kila mmoja akingoja jirani yake akumbuke kwanza. Mwishowe Fiachra alikohoa na kusema labda kushoto, na mwenyekiti akasema ndiko alikokuwa akielekea.

Kisimani, watu waliuzunguka mti kwa kufuata mwendo wa jua, kama wafanyavyo kwenye visima vya kweli. Packie, ambaye gego lilikuwa likimsumbua tangu Ijumaa, akafunga leso yake tawini. Bibi Attracta alizunguka nyuma yake, akasimama, akavaa miwani. Akashika kitambaa kimoja, akakipindua, akakifungua. Mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti. Kisha mvua ikamwagika, mvua ile isiyoomba samahani.

"Nyumbani kwangu ni hapo juu tu, ng'ambo ya kilima," bibi alisema. "Chai ipo."

Wakakataa kwa adabu mara mbili, kama inavyopasa, na mara ya tatu wakamtangulia.

Walipofika kileleni, mlima wote ulikuwa ukitiririka. Maporomoko yalishuka meupe na mapana, yakivuma hadi kifuani, na moshi wa maji ukapanda mpaka kwenye kofia zao. Msafara ukasimama bila kuambiwa.

"Nilimleta Nuala hapa," Packie alisema taratibu, "kabla hatujaoana. Pale, kwenye lile jiwe. Na sikuchomeka pini."

Mzee Mulqueen alivua kofia, mvua ikampiga kwenye upara, asijali. "Hata mimi," alisema, na safari hii hakuongeza neno.

Jikoni kwa bibi hapakuwahi kujaa hivyo tangu mazishi ya babu. Soksi zilitoa mvuke mbele ya moto. Mkate ulikatwa, jamu ikapita mkono kwa mkono.

"Kwa nini tusiilete njia huku?" Packie aliuliza.

"Pini ni pini," Mulqueen alijibu kwa huzuni. "Mtakatifu ameshinda kwa haki. Nikimnyang'anya njia yake, nitajibu nini kule juu? Kesho nawaandikia Halmashauri."

Bibi alikuwa akimimina chai, hajainua macho. "Bwana Mwenyekiti, hivi Mtakatifu Bricín alisomea wapi?"

"Zamani zile? Roma, mama, nadhani."

"Ajabu," bibi alisema.

Akafika kwa Fiachra, akajaza kikombe, na kando ya kikombe akaweka kitambaa kidogo chenye tope. Shuleni kwa Fiachra, kila nguo hushonewa utepe wa jina ndani ya ukosi ili dobi asichanganye. Bibi ndiye aliyezishona zote, kwa uzi mwekundu, mshono wa mara mbili, maana alimjua mjukuu wake. Mshono haukuwa umelegea. *F. Geraghty*, utepe ulisema, kwa herufi safi kabisa.

"Sukari?" bibi aliuliza.

Hakuna mwingine aliyeona. Ingetosha kuufunika kwa kiganja. Dervla alikuwa akiichunguza dari kwa umakini mkubwa. Fiachra alitazama vikombe vyote vya bibi, hata vile vya sherehe, vikiwa mikononi mwa watu. Kisha akasimama, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya mwalimu mkuu.

"Bwana Mwenyekiti, usiandike," alisema. "Mtakatifu Bricín ni mimi. Ila jino la bibi yake Packie, hilo silijui."