Asante za Pipa la Kumi na Saba

Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa tatu asubuhi, Huguette Lartigau alikuwa akipangusa bilauri katika ghala la mapipa la shamba la mvinyo la Shato Courtegrave, kule Médoc, Ufaransa. Alikuwa amepogoa na kufunga mizabibu ya hapo miaka arobaini na mmoja. Ilibaki miezi saba astaafu, sikukuu ya Mtakatifu Martin ya Novemba, na siku hiyohiyo atoke kwenye kijumba cha shamba alimofia mumewe. Yeye alitaka kubaki humo, basi.

Waonjaji walifika wanane, kuonja mvinyo wa mwaka jana ukingali pipani. Bwana Gaspard, mwenye shamba, akawachotea pipa la kumi na saba, zabibu za safu alizotunza Huguette peke yake. Mzee wa kwanza akasukutua, akatema ndooni kama ilivyo desturi, akafuta mdomo.

"Asante, Huguette," akasema, kisha akaandika kwamba una harufu ya moshi na maua ya urujuani.

Wa pili akasema vilevile, hadi wa nane. Hakuna aliyekuwa akimjua, wala aliyetajiwa jina lake.

"Karibuni," Huguette akajibu. Alifurahi hasa, tusidanganyane, machozi yalimlengalenga.

"Mwaka mzuri huo," Bwana Gaspard akawaeleza wageni. "Mvua ilikoma mapema, Septemba jua likawaka. Kazi yote kafanya mwaka."

"Mwaka hauumwi mgongo, Bwana."

"Huguette na mdomo wake!" Wakacheka wote, naye akacheka.

Solange, dereva wa trekta, alimngoja mlangoni. "Shoga, kaombe nyumba leo leo. Mvinyo umeshakusemea."

Akaenda. Bwana Gaspard alimvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mikono yote miwili. "Huguette, kila anayeonja anakushukuru. Sasa mimi niongeze nini?" Nyumba, akasema, itakuwa ya kuonjeshea wageni mvinyo.

"Shukrani ya punda mateke!" Solange akafoka.

"Punda wa watu usimsingizie," Huguette akasema, akaanza kutafuta maboksi.

Alihamia chumba kimoja mjini Pauillac, juu ya duka la dawa. Miaka miwili baadaye chupa zikasambaa duniani, na asante za wanywaji zikaanza kumfikia masikioni. Za Tokyo ziliingia karibu na adhuhuri, akimenya vitunguu. Za New York zilimkuta kitandani, akajifunza kuzijibu usingizini. Hakuacha hata moja bila jibu. Kushukuriwa ni kutamu, jamani, na yeye hakuwahi kushiba.

Jumapili zilikuja nyingi kutoka karibu zaidi, na nyuma ya sauti hizo alisikia mlango ukikwaruza sakafu. Aliujua mlango ule, wa kijumba chake cha zamani. Akaweka kisu mezani.

"Karibuni," akasema. "Usukumeni kwa goti, utafunga."