Dirisha la Settimio

Mgeni aliingia kwa lango la chini saa nne asubuhi, siku ambayo kijijini hakuna aliyekuwa akimngoja mtu. Alikuja kwa miguu, koti begani, maana chochote kipana kuliko punda hakipiti kwenye lango la Roccapennata, kijiji cha mlimani. Ermelinda, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti chake akichambua maharage, alimwona na kuomba moyoni apite tu.

Alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku ile. Ulikuwa uchovu uliolala naye na kuamka naye, ulioanzia kwenye goti la kulia na kupanda hadi nyuma ya macho. Juu ya kabati kulikuwa na barua ya hospitali ya mjini: Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu na nusu, goti. Aliisubiri barua hiyo miezi kumi na mmoja. Fosco wa gari la mkate alikwisha kukubali kumshusha mjini siku hiyo na kumrudisha jioni.

"Linda!" Ulderico alipaza sauti kutoka benchi la mawe la langoni, alikokaa tangu mkewe alipofariki. "Umeletewa mchumba, na magoti yake yote mawili mazima!"

"Mchukue wewe, akubebe!"

Kijana akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta Ermelinda wa Funguo."

Mikono ikatulia juu ya maharage. Hakuna mtu wa chini ya miaka sabini aliyemwita hivyo. Na maneno yenyewe yalikuwa ya hapahapa kijijini, ya kizamani, ambayo hata Ulderico alikuwa ameanza kuyasahau, ila yalitoka puani kwa mapigo ya Kifaransa.

"Marahaba. Umeshampata. Nani kakutuma?"

"Babu yangu, Settimio. Mimi naitwa Mathis. Nimetoka Ubelgiji."

Settimio aliondoka akiwa na miaka ishirini kwenda kuchimba makaa ya mawe huko kaskazini, na siku ya kuondoka alimwachia mama wa Ermelinda ufunguo wa nyumba. Ndivyo walivyofanya wote. Familia moja ilihamia Torino, nyingine Marekani, na kila iliyotoka iliacha ufunguo nyumba ileile. Mama alipokufa, Ermelinda alirithi sufuria mbili, kitanda, na funguo kumi na moja zilizotundikwa nyuma ya mlango, kila mmoja na kitambaa cha rangi yake.

Kazi yake ukiitaja ni nyepesi. Nyumba ya mawe ikifungwa hutoka jasho kwa ndani, boriti zikaoza, paa likaanguka. Kwa hiyo upepo mkavu wa milimani ukivuma, unafungua madirisha asubuhi na kuyafunga kabla jua halijazama. Siku ya upepo wa kusini huyagusi, maana utaingiza maji kwa mikono yako mwenyewe. Na lipo sharti moja ambalo mama alimfundisha kabla ya kumfundisha sala: nyumba iliyofunguliwa haiachwi peke yake. Upepo utavunja mbao za dirisha, njiwa wataingia, na mwenye nyumba aliye mbali atakuwa ametelekezwa mara mbili. Ukifungua, unakaa.

Kila Krismasi Settimio alituma kadi yenye swali moja: "Dirisha langu linaonja upepo?" Ermelinda alijibu kwa neno moja: "Linaonja." Lakini nyumba ya Settimio ilikuwa juu kabisa, chini ya mnara, ngazi tisini na nne, na kwa miaka mitatu neno hilo lilikuwa uongo.

"Babu amelazwa," alisema Mathis. "Mapafu. Hatatoka, nadhani. Ameniambia, nenda kaniangalizie dirisha langu."

Ermelinda aliingia ndani. Mkono wake ulipita ufunguo wa kitambaa chekundu, ukashuka, ukachukua wa kitambaa cha buluu. Hakuuamuru. Ulijichukulia wenyewe, kama mkono wa mtu aliyechoka unavyochukua kilicho karibu.

Nyumba ya kitambaa cha buluu ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Ulderico aliwaona wakisimama mlangoni pa nyumba hiyo. Akafumbua kinywa, akaliangalia goti la Ermelinda, akafumba kinywa.

Ndani kulikuwa kukavu, kuta nyeupe kwa chokaa, maana aliipepea nyumba hiyo tangu majira ya kuchipua. Mathis aliweka kiganja ukutani, halafu paji la uso. Alipiga picha ya jiko la kuni, ya sakafu, ya msumari uliokuwa mtupu.

"Imetunzwa," alisema. "Bibi, imetunzwa! Babu atalia."

Ermelinda alikaa kwenye sanduku la kuni.

Kijana akaenda dirishani, akachungulia nje kupitia kioo. Hapakuwa na kitu ila ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja.

"Alisema kutoka hapa unauona mto." Akageuka na kutabasamu. "Lakini miaka ni mingi. Labda wamejenga. Au kumbukumbu zake zimechanganyika, unajua wazee."

Hapo ndipo Ermelinda aliposhindwa. Kudanganya alikuwa amekwisha kuzoea. Lakini kumsikia mtoto wa watu akiutafutia uongo wake visingizio, na kumfanya babu yake mwenye akili timamu aonekane amechanganyikiwa, hilo hakuliweza.

"Si hii," alisema.

"Nini, bibi?"

"Nyumba. Si hii. Nifuate."

Walipanda. Alipumzika mara sita. Mara ya nne Mathis alimgeuzia mgongo na kuinama, akisema huko kwao aliwahi kumbeba babu hivyo.

"Simama wima. Sijafa bado."

Mlango wa juu ulifunguka kwa kusukumwa na bega. Harufu iliwapokea kwanza, ya uyoga na nguo zilizosahaulika majini. Ukuta wa kusini ulikuwa na doa jeusi kubwa kama ng'ombe. Kwenye boriti ya katikati kuvu ilikuwa imeota kama masikio, yamejipanga, yakisikiliza.

"Miaka mitatu," alisema Ermelinda. "Nimemwandikia linaonja, wala halionji. Mwambie."

Mathis alienda dirishani akashika komeo.

"Usifungue! Leo ni upepo wa kusini." Kisha akauona uso wa kijana, akalegea. "Upana wa kiganja tu. Halafu funga."

Akafungua upana wa kiganja. Chini kabisa, kati ya vilima viwili, mto ulikuwepo, mwembamba na mweupe. Kijana alisimama pale muda mrefu akipumulia kwenye ule upenyo. Kisha akafunga kwa uangalifu mkubwa, akafuta kwenye kamera picha zote za nyumba ya chini, moja moja, Ermelinda akiona.

"Nitamwambia nimeuona mto," alisema.

"Na dirisha?"

"Nimwambie nini kuhusu dirisha, bibi?"

Ermelinda aliangalia yale masikio ya kwenye boriti.

"Mwambie, upepo wa kwanza wa milimani utakaovuma, Ermelinda atalifungua. Kutwa." Alisema kabla goti halijapata nafasi ya kushauri.

"Si lazima, bibi. Kweli."

"Sikukuuliza kama ni lazima."

Mathis aliondoka alasiri hiyohiyo na basi la bondeni, baada ya sahani mbili za maharage na matusi ya upendo kutoka kwa Ulderico kuhusu vindevu vyake vichache. Upepo wa kusini uliendelea, siku baada ya siku, mzito kama blanketi bichi. Ermelinda alilipaka goti mafuta, akapiga pasi gauni la kuendea hospitali.

Alhamisi aliamka kabla ya mapambazuko na kusikia kwamba kimya cha kijiji kimebadilika. Bati la mnarani lilikuwa likilia. Alifungua mlango. Mbingu zilikuwa zimesuguliwa, milima imesogea karibu kiasi cha kuhesabu miti, na hewa iliyompiga usoni ilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

Alikaa kitandani na gauni lake la pasi. Upepo huu ungeweza kuvuma kesho pia. Au ungekoma leo jioni na mvua za vuli zikafuata, kama mwaka jana. Settimio asingejua. Boriti ilisubiri miaka mitatu, ingesubiri hadi kesho. Yote hayo aliyapima, na yote yalikuwa kweli. Lakini alikuwa amesema wa kwanza, na kuna mtu kitandani, mbali, mwenye mapafu yaliyojaa vumbi, ambaye huenda ameambiwa.

Akavua viatu vya mjini, akavaa vya kila siku.

Ulderico alikuwa tayari kwenye benchi lake, kofia imeshushwa hadi masikioni.

"Mwambie Fosco asinisubiri," Ermelinda alisema. "Aniachie mkate mmoja."

"Linda, una wazimu? Hiyo miadi ukiikosa wanakurudisha mkiani mwa foleni. Mwaka mwingine!"

"Najua."

"Fungua, halafu shuka uende. Nitakuangalizia mimi kutoka hapa."

"Utaangalia nini, na macho hayo? Na nyumba haiachwi, unajua."

Mzee alikuna shavu. "Ningepanda mimi. Lakini miguu yangu ukiijumlisha ina miaka mia moja na sitini na minane."

"Basi kaa. Ukishuka kutoka kwenye hilo benchi ukaanguka, nani atakuokota?"

"Nimwambie nini Fosco?"

"Mwambie nina nyumba wazi."

Safari hii alipumzika mara kumi na moja. Juu, komeo lilikataa, kisha likakubali, na dirisha likamponyoka mikononi kwa nguvu hata akalazimika kulidaka kwa mikono yote miwili. Upepo uliingia kama mwenye nyumba. Vumbi liliinuka sakafuni. Ermelinda alifunga mbao za dirisha kwa kamba, akavuta kiti kilichokuwa na miguu mitatu na nusu, akakiegemeza ukutani, akakaa, mguu ameunyoosha mbele yake.

Saa mbili honi ya gari la mkate ililia langoni. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu ilikuwa ndefu. Kisha akasikia injini ikishuka barabara ya mizunguko, ikipotea na kurudi, hadi ikapotea kabisa.

Alikaa pale kutwa. Kamba ilipolegea aliifunga upya. Njiwa mmoja alitua dirishani, akamwangalia, akaghairi. Mchana alilala kidogo kwa kukaa, na alipoamka alinusa. Harufu ya uyoga ilikuwa imepungua, au pua yake ilikuwa imeizoea.

Jua lilipougusa mlima, alifungua kamba, akafunga dirisha, akafunga mlango kwa ufunguo wa kitambaa chekundu. Kisha akashika ukuta na kuanza kushuka, ngazi moja moja, zote tisini na nne.